Kadi ya M'Arimi

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba nne leo. Vikombe saba vya chai. Mzee wa kanisa hafi kwa mateso, hufa kwa majani ya chai.

Meza ya Bwana ni tarehe thelathini. Kabla ya hapo lazima nimfikie kila mshiriki wa mtaa wangu, kwake nyumbani, nimuulize maswali matatu. Unaomba? Una amani na watu wa nyumba yako? Una kinyongo na mtu? Majibu nayaandika kwenye daftari, anatia sahihi yake, nami natia yangu kwenye kadi yake. Bila sahihi yangu, Jumapili ile anakaa benchi la nyuma akitazama wenzake wakila mkate. Aliyetengwa, au aliyekaa mwaka mzima bila sahihi, kanisa halimziki. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna akina mama wa sare. Familia yake ichimbe, ifukie, inyamaze.

Mama Nkatha amekiri dhambi kumi na moja. Zote za jirani yake. Nilimwandikia tu. Kadi haiulizi dhambi ni za nani.

Kabla ya kukamua, katibu wa kanisa alinipitishia orodha mpya. Tangu lami ipite hapa kwetu juu ya Githongo, mitaa imegawanywa upya. Nyumba sita zimehamia kwangu. Ya tano: M'Arimi.

Nimesoma jina hilo mara tatu. Kisha nikaenda kukamua. Ng'ombe ametoa maziwa mengi kuliko jana. Nafikiri nilikuwa nikicheka.

Jumanne, 4 Machi

Niandike mara moja, nisirudie.

Naandika kwa Kiswahili. Kimeru ni cha nyumbani na cha maombi. Nikikasirika kwa Kimeru, nalia. Kiswahili nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia nyama baada ya kuacha shule darasa la tano. Ndani yake naweza kukasirika nikiwa nimekaa wima.

Miaka kumi na minane iliyopita M'Arimi ndiye aliyekuwa mzee wa mtaa huu. Binti yangu Kagendo alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwaya, sauti ya pili. Akapata mimba. M'Arimi alisimama mbele ya kanisa akasoma jina lake. La kijana hakulisoma. Kadi yake ikachukuliwa, akapelekwa benchi la nyuma. Miezi mitano baadaye alifariki akijifungua, na mtoto akaenda naye. Sanduku moja.

Nilikwenda kwa M'Arimi nikapiga magoti uani kwake. Akasema, "Sheria ni sheria, Mama Kagendo." Halafu akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba atakayeimba kaburini arudishe kadi siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyeimba. Watu hamsini walisimama shambani mwangu wamefunga midomo kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Aliyeshika koleo wa kwanza alikuwa Salim, mchinja nyama wa sokoni. Mwislamu. Hakuwa na kadi ya kunyang'anywa. Alipomaliza kufukia aliinua viganja akaomba peke yake, akajifuta matope, akarudi buchani.

Haya. Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Habari za M'Arimi, nilivyozikusanya kwenye kinu cha kusaga na kwa mama wa nyanya bila kuuliza swali hata moja.

Saratani ya koo. Hospitali wamemrudisha, wamesema auguzwe nyumbani. Uji kwa kijiko. Muuguzi anayepita anasema mwezi mmoja, pengine.

Na hana kadi. Hili ndilo tamu. Miaka sita iliyopita aligombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba. Badala ya kuleta maneno kanisani akaenda kwa wazee wa mila, mbuzi akachinjwa, akala kiapo. Kanisa letu halina mchezo na mbuzi wa kiapo. Yeye mwenyewe zamani zake aliwatenga watu wanne kwa mbuzi wa namna hiyo hiyo. Alipoitwa na kikao cha wazee alisema hajutii, mpaka si ameupata? Akakaa benchi la nyuma Jumapili mbili, ya tatu hakuonekana. Hajaonekana tena. Kikao kiliandika: siku akitubu mbele ya mzee wa mtaa wake, apewe kadi.

Mzee wa mtaa wake ni mimi.

Sikutafuta. Sikuomba. Mungu mwenyewe amefungua mlango, akaniwekea kalamu mezani. Nimemshukuru kwa magoti na nilimaanisha kila neno.

Mpango: sitamkatalia. Anayekataa huonekana. Nitachelewa tu.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri yalikuwa juu ya kusamehe. Mchungaji alitaja idadi ya mara. Hakuna aliyeuliza kama zinaanza kuhesabiwa kabla ya kuombwa msamaha au baada.

Jerusha, mke wa M'Arimi, mama yake Muriuki, alinisubiri langoni. Amekonda kama ndiye mgonjwa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Kagendo, nimesikia sasa tuko kwako."

"Mko kwangu."

"Anakuulizia. Anataka kadi kabla... Dada, unajua kabla ya nini."

"Nafuata orodha, Mama Muriuki. Ninyi ni karibu na mwisho."

"Orodha huanza wapi?"

"Huanza mwanzo."

Aliniombea baraka. Nilipokea. Baraka haikatazwi.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba tatu. Ningeweza kumaliza tano, lakini nimegundua kwamba nina goti bovu.

Kwa Mwenda na mkewe nilifika swali la pili, la amani nyumbani. Mume akasema ipo. Mke akasema iko wapi. Nikakaa saa nzima na dakika ishirini, katikati yao, kama gunia la viazi. Mwisho walipatana kwa kunilaumu mimi kwa kuuliza. Nimewaandikia wote wawili.

Nimepita nje ya ua wa M'Arimi nikirudi. Sikuingia. Nilitembea polepole ili nionekane. Pazia lilisogea.

Nilifurahi mpaka nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Mchungaji amekuja. Kijana wa kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto na vumbi. Huku kwetu anavaa sweta mbili na bado anashika kikombe kama anayeota moto.

"Mama, kuna mgonjwa mtaani kwako."

"Kuna wagonjwa wanne, Mchungaji. Wa kwanza ni goti langu."

Hakucheka. Anajua kidogo, hajui yote. Alipoletwa hapa Kagendo alikuwa amelala miaka kumi na mitatu. Alisema angeweza kwenda yeye mwenyewe kumsikiliza mzee. Nikamkumbusha utaratibu: mzee wa mtaa kwanza, kikao, ndipo mchungaji. Utaratibu huo uliandikwa na M'Arimi. Nina nakala. Nilimwonyesha ukurasa.

Alitazama ukurasa, akanitazama mimi. Akamaliza chai.

"Mama, usichelewe sana," akasema mlangoni.

Ni kijana mzuri. Ilinibidi nioshe kikombe chake mara mbili ndipo sauti yake itoke kichwani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeenda. Saa nne asubuhi, sare imepigwa pasi, daftari kwapani. Nilitaka anione vizuri.

Ua ni ule ule. Mahali nilipopiga magoti sasa pamesimama tangi la maji. Jerusha akaniwekea kiti chenye kitambaa. M'Arimi yuko kitandani kando ya dirisha, shingo imevimba upande mmoja, mikono ni fito za maharagwe. Sauti iliyokuwa ikijaza kanisa bila kipaza sauti sasa ni mnong'ono.

Sikumwonea huruma. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilijichunguza, na haikuwepo.

Swali la kwanza. Anaomba? "Kila siku. Sina kazi nyingine." La pili. Akageuza macho kwa Jerusha: "Muulize huyo." Jerusha akasema amani ipo.

Habari ya mbuzi aliikiri bila kuulizwa. Kwa kirefu, kwa mtu asiye na koo. Kwamba alikula kiapo kwa kiburi. Kwamba mpaka alioupata ni hatua tatu za mawe, hata mihogo imezikataa. Kwamba ndugu yake alikufa hawajasalimiana. Machozi yalitoka. Kwa sheria, ilitosha.

Nikangoja. Kuna saa ukutani. Nilimpa dakika tano nzima aseme jina moja tu. Alifumba macho.

Swali la tatu sikuuliza. Nilifunga daftari.

"Mzee, umechoka. Nitarudi."

Jerusha alinifuata mpaka kwenye tangi. "Mama Kagendo, na sahihi?"

"Kuna mambo hayajaisha."

"Mambo gani? Si amesema yote?"

Nikamwambia mawingu yamefunga, niwahi kabla ya mvua. Hakukuwa na wingu.

Jumanne, 18 Machi

Nimekula ndizi na maharagwe, sahani mbili. Nimelala mchana, kitu ambacho huwa sifanyi. Nimeota nimeketi.

Mambo yanavyokwenda: nisipotia sahihi mpaka tarehe thelathini, kikao hakina la kupitisha. Kinachofuata ni Juni. Juni hataiona. Ataimba nani? Atafukiwa na wanawe, watu watasimama wamefunga midomo, na mimi nitakuwa mstari wa mbele nimefunga wangu.

Ni dhambi, najua. Lakini ni dhambi safi, imepigwa pasi, ina mhuri wa kanisa.

Alhamisi, 20 Machi

Jerusha amekuja na kitu kimefungwa kwa kitenge. Hakukaa. Macho mekundu.

"Amesema nikuletee. Amesema ni mali ya mtaa."

Daftari lake la zamani. La miaka yote aliyokuwa mzee. Alipoondoka kanisani kwa hasira hakulikabidhi. Kikao kilimwandikia barua mbili, hakujibu. Sasa analileta. Jalada la bluu, pembe zimeliwa na mende. Mwandiko wake umenyooka kama mistari ya kahawa.

Nilitafuta mwaka wa Kagendo. Nilitaka kuona aliandika nini. Nilitaka ushahidi.

Kagendo ana mstari mmoja. Jina, tarehe, neno "ametengwa". Baada ya hapo hakuna. Hata kufa kwake hakuandikwa.

Ukurasa uliofuata, siku tisa baada ya mazishi, jina langu.

Swali la kwanza: anaomba. La pili: ana amani. La tatu: hana kinyongo. Sahihi yangu chini, ile ya zamani, yenye mkia mrefu.

Nimefunga daftari. Nimelifungua. Bado iko.

Ijumaa, 21 Machi

Sikusahau. Nisijidanganye kwenye karatasi yangu mwenyewe. Niliiweka mahali nisipopita.

Alikuja asubuhi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu. Nikampa chai. Nilimpa chai! Akauliza la kwanza, la pili. Alipofika la tatu hakuniangalia, aliangalia kalamu. "Una kinyongo na mtu, Mama Kagendo?" Nikasema, "Sina." Akaandika. Nikatia sahihi. Jumapili iliyofuata nilikula mkate.

Nilikuwa mjane wa miaka miwili. Niliogopa. Nilijua sasa jinsi wanavyomzika mtu asiye na kadi, na sikutaka kuwa yeye.

Na lingine. Wale watu hamsini wenye midomo iliyofungwa shambani mwangu. Huwa nasema hamsini. Tulikuwa hamsini na mmoja. Hakuna aliyenizuia mimi mama yake kuimba. Nilikuwa na kadi mfukoni mwa koti. Niliishika muda wote.

Namchukia M'Arimi leo kuliko jana. Alilileta akijua. Yuko kitandani, hawezi kumeza mate yake, na bado amenipiga.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Akina mama waliniuliza goti. Nikasema limezidi.

Jumanne, 25 Machi

Nimerudi kwa M'Arimi. Bila pasi. Nilivuka shamba la watu ili nifike haraka.

Amepungua tena ndani ya siku nane. Jerusha alikuwa anakoroga uji. Sikusalimia vizuri. Nilifungua daftari lake kwenye ukurasa ule, nikauweka juu ya shuka.

"Kwa nini umeniletea hili?"

"Ni mali ya mtaa." Akapumzika. "Na wewe hukuniuliza la tatu."

"Siku ile nilikudanganya."

"Nilijua."

"Na ukaandika!"

"Nikaandika. Ungesema unacho, ningelazimika kuuliza ni na nani."

Mwiko wa Jerusha ulisimama ndani ya sufuria.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza kwa sauti ya kazi, kama ninavyowauliza wote. "Mzee M'Arimi. Una kinyongo na mtu?"

"Ninacho."

"Na nani?"

"Na mzee wa mtaa wa wakati ule."

"Huyo ni wewe."

"Huyo huyo."

Kisha akalitaja jina. Kagendo. Akasema, na yule mtoto, ambaye hakumpa hata nafasi ya jina. Akasema hakuna sheria iliyomlazimisha kupita nyumba kwa nyumba. Ile ilikuwa yake mwenyewe, alitaka kikao kimwone ni mkali. Akaomba msamaha. Nimeungoja miaka kumi na minane, ukapita kwa muda wa mtu kumeza mate, na yeye hawezi kumeza.

Sikuhisi kitu. Nilidhani kutakuwa na kitu.

Sikumwambia nimemsamehe. Sijamsamehe. Nilimwambia hivi: Kagendo alisomwa mbele ya watu. Msamaha wa chumbani hautoshi, nataka wa karatasi. Nikamwandikia kwenye daftari lake, chini ya neno "ametengwa", naye akanong'ona: kwamba Kagendo alizikwa bila kanisa kwa amri yangu mimi M'Arimi, kwamba niliwatisha walioomboleza, kwamba nilikosa. Alishika kalamu kwa ngumi kama mtoto wa nasari. Sahihi ilichukua dakika mbili. Sikumsaidia. Jerusha alitaka, nikamzuia kwa mkono.

Halafu nikatoa kadi mpya ya jina lake nikatia sahihi yangu.

Kwa nini? Kwa sababu alijibu ukweli. Kadi haiulizi kama mzee wa mtaa ameridhika.

Jerusha aliniletea uji. Nilikunywa. Haukuwa na sukari, ni ule wa mgonjwa.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao cha wazee. Tisa, na mchungaji na sweta zake.

Niliwasilisha kadi ya M'Arimi. Ikapita bila neno, kila mtu akifikiria chakula. Ndipo nikasema kuna jambo la pili, nikafungua daftari la bluu, nikasoma. Nilisoma polepole. Wazee wanne kati ya wale walikuwepo shambani mwangu siku ile. Mmoja akapata kikohozi. Mwingine akasema mambo ya zamani tuyaache yalale. Nikamwambia, wamelala wawili, ndiyo maana nimekuja.

Mchungaji aliuliza kama hili liliwahi kuandikwa kwenye kumbukumbu za kanisa. Katibu akasema hapana. "Basi andika," akasema. "Na kesho lisomwe." Sijawahi kumsikia akisema sentensi fupi hivyo.

Mwisho wazee huandikiana kadi. Ya kwangu huiandika Mwalimu Kiambi, mwalimu mstaafu, mzee wa mtaa wa ng'ambo ya mto. Kama kila mara, alikuwa ameshachukua kadi yangu na kalamu iko juu ya mstari.

"Mwalimu, hujaniuliza."

"Wewe, Mama? Si ni wewe."

"Niulize."

Akavaa miwani. La kwanza, ndiyo. La pili, naishi na ng'ombe, tuna amani. La tatu.

"Ninacho," nikasema. "Na M'Arimi."

Kalamu yake ikabaki hewani.

"Lakini wewe ndiye umemwandikia!"

"Yeye alijibu ukweli. Na mimi najibu."

"Sasa nifanye nini?"

"Ulifundisha watoto miaka thelathini, Mwalimu. Aliyekosa unampa alama?"

Hakutia sahihi. Aliirudisha kadi juu ya meza kwa vidole viwili, kama kitu cha moto kutoka jikoni.

Jumapili, 30 Machi

Meza ya Bwana. Nilikaa nyuma.

Lilisomwa kwenye matangazo, kati ya harambee ya mabati na ng'ombe aliyepotea Kianjai. Katibu alisoma haraka, lakini jina alilitamka vizuri. Kagendo amerudishwa kwenye orodha ya washiriki. Mama mmoja mbele akaanza kulia kwa sauti, mmoja wa wale hamsini. Sikumwendea.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nilifurahi kiasi cha kijiko.

Benchi la nyuma halina mgongo. Sikujua. Watu wakienda mbele kuchukua mkate, kitu unachoona ni visogo. Kofia, vitambaa, shingo. Hakuna uso. Nikakumbuka mahali nilipokuwa nikikaa zamani, mstari wa tatu, upande wa dirisha. Kagendo alikuwa hapa nyuma miezi mitano. Alitazama kisogo changu miezi mitano. Sikugeuka hata Jumapili moja.

Sahani ya mkate ilipita mbele yangu ikirudishwa ofisini. Mhudumu alisita, ni kijana wa jirani, alitaka kuniwekea kwa siri. Nikatikisa kichwa.

Baada ya ibada mchungaji alimpelekea M'Arimi. Jerusha anasema ni punje moja ya mkate iliyolowekwa kwenye kijiko. Anasema iliteremka.

Alhamisi, 3 Aprili

M'Arimi amefariki. Saa tano asubuhi, Jerusha akimbadilisha shuka.

Alinipigia simu mimi kabla ya mchungaji. Sijui kwa nini. Alipumua tu. Nikasema, "Mama Muriuki, nakuja," nikaenda. Niliosha sufuria zake zote. Tisa. Sikuingia chumbani.

Jumanne, 8 Aprili

Kanisa lilimzika. Mchungaji, kwaya, akina mama wa sare, mimi nikiwa mmoja wao. Hema mbili, spika kubwa, wali. Mjukuu alisoma wasifu wenye mambo mengi mazuri, mengine ya kweli. Mbuzi wa kiapo hakutajwa. Kagendo hakutajwa. Wasifu si mahali pake.

Nilitazama sanduku likishuka. Niliungoja moyo wangu kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hayakumwagika, hayakupoa.

Kwaya ilianza. Wimbo una beti tatu. Wa kwanza niliimba. Wa pili ulinishinda. Wa tatu ningeweza, nikanyamaza kwa makusudi. Hiyo ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniona, isipokuwa Jerusha, na Jerusha aliniachia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imeanza ya kweli. Nilikuwa napanda maharagwe katikati ya mahindi alipofika Mwalimu Kiambi na mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika. Amevuka mto kwa miguu, na ana miaka sabini na mmoja. Nilidhani ameleta barua ya kikao, kunivua uzee. Nilikuwa tayari. Nilikuwa hata na sentensi.

Hakuleta barua. Alisema kadi yangu inamsumbua. Kwamba ameandikia watu kadi miaka ishirini na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu la tatu kwa "ninacho". Amekuwa akilala akiwafikiria wote hao.

Nikanawa mikono, nikaweka maji motoni. Tulikaa barazani tukitazama mvua ikipiga mahindi. Akazungumza juu ya bei ya mbolea. Juu ya binti yake aliyeolewa Kinoru, jirani na uwanja, kelele za mpira kila wikendi. Halafu, bila kuvaa miwani, bila kalamu:

"Na sasa, Mama? Bado?"

Nikaangalia ndani. Niliangalia vizuri.

"Bado, Mwalimu. Si kama jana. Lakini bado."

"Haya," akasema. "Nitauliza tena Juni."

Hakunihubiria. Aliongeza sukari, akakoroga, akanywa kikombe chote mpaka majani, akaomba kingine.